Nilimtoa Nyoka kwa Gundi, Halafu Nikaharibu

Wasee, mmeniuliza sana mbona stori ya nyoka iliishia njiani. Video ya kwanza mliiona, ya pili nikaifuta baada ya siku moja, ya tatu haikutoka kabisa. Leo naandika tu, maana sehemu iliyobaki haina cha kuonyesha kwa kamera.

Mnajua mathe ana duka la nafaka Rongai. Mahindi, maharagwe, ndengu, yote kwa magunia. Palipo na magunia pana panya, na panya wa huku hawana aibu. Tangu niache chuo mwaka wa pili, kazi yangu ya asubuhi ni kufungua duka, kufagia na kukagua gundi. Ile gundi ya panya inayouzwa na wachuuzi pale steji, unaifungua kama kitabu unaiweka kando ya ukuta. Panya akiikanyaga hatoki. Lakini pia hafi, si haraka. Kumalizia ndiyo kazi yangu, na hiyo ndiyo sehemu ya siku nisiyoipenda.

Asubuhi hiyo gundi ilikuwa na kapanya kadogo, na juu ya kapanya, nyoka. Urefu kama wa mkono wangu, rangi ya kahawia iliyokolea, na mistari miwili myembamba iliyopauka kila upande wa kichwa. Alikuwa amemfuata panya usiku, gundi ikamshika kuanzia taya hadi katikati ya mwili. Mkia tu ndio ulikuwa huru, unapigapiga sakafu.

Mama mboga wa kando alifika na jembe mkononi na jina la Yesu mdomoni. Mathe akasimama mlangoni, hasemi kitu. Mimi nikapiga picha, nikamtumia beshte yangu aliyewahi kufanya kazi na nyoka. Jibu likaja mbio: huyo ni nyoka wa nyumba, hana sumu, anaua kwa kukaza, anakula panya. Yaani yeye na gundi walikuwa wameajiriwa kazi moja, ila yeye halipwi.

Hapa nisimame kidogo. Usisome hii halafu ukashike nyoka yeyote. Rongai hii hii kuna kifutu, na kuna swila anayetema sumu hadi machoni akiwa mbali nawe. Mtu akikuambia "huyu hana sumu" kwa kuangalia rangi peke yake, mwambie aanze yeye. Kama hakuna anayejua kwa hakika, rudi nyuma, zuia watoto na wenye majembe, piga simu KWS.

Mimi nilianza kwa kosa. Nilimvuta. Kidogo tu, lakini ngozi ya tumbo ikachanika kipande kama ukucha wa kidole gumba. Beshte alinitukana kwa simu nikastahili. Akasema tafuta mafuta ya kupikia. Mafuta ndiyo huyeyusha ile gundi. Nikamwangalia mathe. Bei ya mafuta mnaijua. Akaingia ndani, akarudi na chupa, akasema, "Utanilipa."

Unamwaga kidogo kidogo, unasukuma kwa pamba au kijiti, hauvuti. Unaachia mafuta yafanye kazi. Puani usimwage, atashindwa kupumua. Ilichukua karibu saa nzima. Kichwa kilipotoka aliniuma kidoleni, vijino kama pini, damu kidogo. Nikaosha kwa sabuni, basi. Mama mboga alishaanza kuniombea.

Sasa sehemu ninayoionea haya. Simu ilikuwa juu ya gunia la maharagwe, inarekodi. Kichwa kikiwa nusu ndani ya gundi, nikaona mwanga ni mbaya. Nikamwacha hivyo, nikasogeza gunia, nikafungua dirisha, nikapanga simu upya. Baadaye nilihesabu kwenye rekodi: dakika nne. Ninyi hamkuziona kwa sababu nilizikata.

Tulimwosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni kidogo sana mpaka mafuta yakatoka. Beshte akanipa maagizo. Boksi lenye matundu ya hewa, lifungwe vizuri. Kitambaa cha kujifichia. Kisahani cha maji. Mahali pa giza, pa kimya, pasipo na baridi wala jua kali, kwa sababu nyoka hajipashi joto mwenyewe, na boksi likiachwa juani linageuka jiko. Usimshikeshike. Na upigie KWS leo.

Nilifuata yote isipokuwa la mwisho.

Video ilikuwa imefika watazamaji elfu sitini jioni hiyo. Sijawahi kufika hapo. Komenti zote zilikuwa "sehemu ya pili iko wapi", "mpe maziwa", "mpe yai tuone". Nyoka hanywi maziwa, wasee. Nilikuwa nimeshaambiwa. Niliambiwa pia kwamba nyoka mzima anaweza kukaa wiki kadhaa bila kula, na mgonjwa ukimlisha mapema anatapika tu. Lakini nilimwekea maziwa, nikarekodi, nikapost. Hakuyagusa. Walioyafuata ni siafu.

Nilifungua boksi asubuhi nikawakuta kwenye kidonda, kwenye ile ngozi niliyochana mimi. Nilimtoa mmoja mmoja kwa pamba yenye maji. Huyu mnyama wakati huo hakuniuma. Hakufanya chochote. Hapo ndipo nilifuta video, na bado sikupiga simu, maana sasa niliogopa kuulizwa nimekaa naye kwa ruhusa ya nani. Sheria ya wanyamapori ya 2013 haikuruhusu kufuga mnyama wa porini bila kibali, hata kama nia yako ni nzuri. Na nia yangu tayari mmeiona.

Siku ya tatu macho yake yakawa na ukungu, rangi ya maziwa yenye buluu. Nikajua nimempofusha. Nilikaa kwa ngazi nyuma ya duka, mathe akanikuta. Akauliza, "Nyoka wako yuko aje?" Tangu niache chuo maswali yake kwangu yalikuwa mawili tu, umekula na utarudi lini kusoma. Nikamwambia ukweli wote, hadi zile dakika nne. Akasema, "Piga simu sasa, nikiwa hapa."

Afande wa KWS alikuja mchana. Akafungua boksi, akatazama macho, akacheka kidogo.

"Kijana, huyu si kipofu. Anajiandaa kujivua gamba."

Akatueleza kwamba nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na gamba linalopitisha mwanga, nalo linatoka pamoja na ngozi yote. Kabla ya kujivua linaingia ukungu. Na gundi iliyosalia mwilini itatoka na ngozi hiyo. Kidonda ndicho kilimfanya anyamaze. Alikiangalia kwa muda, akauliza kimechubuliwa na nini. Nikasema ni mimi. Akaniambia siku nyingine nipige saa ile ile, si siku ya tatu, akamtia kwenye mfuko wa kitambaa, akafunga kwa kamba, akaenda naye.

Sijui kama alipona. Nilipewa namba ya kuulizia, na nimeifungua mara kadhaa bila kupiga.

Mathe amenunua mapipa mawili yenye vifuniko kwa ajili ya ndengu na maharagwe. Mahindi bado yako kwa magunia, kwa hivyo gundi bado ipo. Juzi nilikuwa naiweka kando ya lile tundu la maji ukutani, pale tunapodhani aliingilia. Akaniita kutoka kwa kaunta.

"Hapo usiweke. Hapo ndipo anapopitia."

Nikaisogeza upande wa mlango. Halafu akanikumbusha pesa ya mafuta.