Upanga Sebuleni



Mzazi aliyelea mtoto wa kiume katika mitaa ya Kisauni miaka hii ya karibuni anaujua uzito wa neno panga. Limekwisha kutoka shambani na jikoni, likaingia katika habari za usiku. Vijana wadogo, wengine hawajaota ndevu, hutoka kwa makundi wakawakata wapita njia na kuwanyang'anya simu na vibeti. Kwa hivyo, ndugu yangu anayeishi Marekani aliporudi likizo na kuwaletea wapwa zake mashine ya michezo ya runinga, na mmoja wa michezo hiyo ukawa ni wa kupiga risasi na kupigana kwa upanga, nilitaka kuujua kabla ya kuuhukumu. Upanga wenyewe si wa kubonyezwa kwa kidole. Hupungwa kwa mkono mzima, katikati ya sebule, mbele ya mama na baba. Ninayoyaandika hapa ni mawazo ya siku nne za mwanzo.

Mchezo huo unaitwa Red Steel 2. Uliundwa na tawi la Paris la kampuni ya Kifaransa ya Ubisoft, ukatolewa mwaka 2010 kwa ajili ya Wii, mashine ya kampuni ya Nintendo ya Japani. Wii sasa ni ya zamani. Ilianza kuuzwa mwishoni mwa mwaka 2006, zikanunuliwa zaidi ya milioni 100 duniani kote, kisha ikaacha kutengenezwa. Ndiyo maana mjomba wao aliipata kwa bei ya mtumba. Ilitufikia pamoja na transfoma ndogo, maana umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 240.

Jambo lililoitangaza Wii ni rimoti yake. Mchezaji hakai akabonyeza tu, bali husimama na kutenda kwa mwili. Mchezo wa kwanza wa Red Steel ulitoka pamoja na mashine yenyewe mwaka 2006, na wengi waliungojea kwa hamu ya kushika upanga. Walivunjika moyo. Rimoti ya wakati ule ilihisi mshtuko wa mkono, lakini haikujua vyema kiganja kimegeukia wapi. Mchezaji akipiga kwa namna yake, mpiganaji wa kwenye kioo alitoa pigo moja kati ya machache aliyokwisha kuandaliwa. Mwaka 2009 Nintendo ilitoa kipande kidogo cha kuchomekwa chini ya rimoti, kinachoitwa MotionPlus. Ndani yake mna jairoskopu, yaani kipimo cha mzunguko, kinachofuata jinsi kiganja kinavyogeuka. Mchezo wa pili hauchezeki kabisa bila ya kipande hicho.

Wanangu waliponieleza haya, nilivutiwa na jambo moja ambalo wao waliliona dogo. Mbele ya runinga huwekwa kijiti chembamba ambacho kwa jina huitwa cha kuhisi, ilhali hakihisi chochote. Kina taa ndogo kwenye ncha zake mbili, zenye mwanga usioonekana kwa jicho la mwanadamu. Jicho limo katika rimoti, nalo huziangalia taa hizo na kujua mahali mkono unapoelekea. Kwa njia hiyo mchezaji hulenga bastola. Upanga hauna haja ya taa. Hutegemea mwendo wa kiganja, kiwiko na bega. Silaha mbili, basi, zimewekwa katika mkono mmoja, na kila moja inamtaka mtu kwa namna yake.

Nilicheza usiku wa kwanza baada ya Isha, watoto wakinicheka. Bastola haikuhitaji somo. Nilinyoosha mkono, kidole cha shahada kikaminya kitufe, na mtu wa upande wa pili akaanguka. Haikupita hata dakika moja. Upanga ulinishinda. Adui mwenye deraya hapasuki kwa pigo la uvivu. Sharti mkono utoke nyuma ya bega na ushuke kwa nguvu zake zote, vinginevyo chuma huruka juu ya chuma bila ya kumdhuru. Kukinga ni kugumu zaidi. Inabidi ushikilie kitufe, uulaze au uusimamishe upanga kulingana na pigo linalokuja, kisha usubiri. Ukisubiri vizuri unaweza kuzuia hata risasi. Mwenye papara hupigwa. Asubuhi yake niliamka na bega linaloniuma kama niliyekuna nazi za karamu nzima.

Binti yangu wa miaka 15 ndiye aliyefaulu mapema. Nduguye wa miaka 13 alikuwa akipunga mkono kama anayefukuza nzi, akashindwa mara sita mahali pamoja, na dada mtu akamwambia, "Wacha kupiga. Mtazame kwanza." Nilimwona mwanangu akishusha mabega, akatazama, akakinga, kisha akapiga mara moja tu. Huyu ni mtoto ambaye kwa miezi kadhaa jioni zake zimekuwa za kujifungia chumbani na simu usoni. Sasa alikuwa amesimama ukumbini, jasho likimtoka, akibishana na dadake na kucheka. Singekuwa mkweli kama nisingeliandika hilo.

Hadithi ya mchezo ni ya kisasi. Inatokea katika mji wa kubuni uitwao Caldera, katika jangwa la Nevada, mahali palipochanganya Marekani ya wachunga ng'ombe na Japani ya watu wa panga. Shujaa hana jina. Ni mtu wa mwisho wa ukoo wa Kusagari, ambao wote wameuawa, na tunapomwona mara ya kwanza amefungwa mikono, anaburutwa mchangani nyuma ya pikipiki. Wanaomburuta ni genge la Jackals, yaani mbweha, wanaoutesa mji huo. Basi maadui wa mwanzo katika mchezo wenyewe ni genge la vijana wenye silaha. Nilijiuliza kama mwanangu ameuona mlingano huo na mtaa wetu. Sikulazimika kumwuliza, kwa sababu jioni ya pili alikuja mgeni aliyeuona.

Shemeji yangu, ami yao, ni mfanyabiashara. Mwaka juzi, akitoka kufunga duka, alizingirwa na kundi la vijana, na mkono wake wa kushoto una kovu la panga linaloanzia kiwikoni hadi karibu na kiganja. Aliketi na kikombe chake cha kahawa, akamtazama mtoto akipigana. Kitambo kikapita.

"Hebu niambie, baba," akasema, "huyo ukimkata hulia?"

"Halii, ami. Huanguka tu."

"Na damu je?"

"Hamna damu."

Shemeji akaiweka kahawa chini, akaukunja mkono wa kanzu. "Mimi nililia," akasema. "Na walionikata walikuwa wadogo. Sauti zao hazijawa nzito."

Mwanangu aliitua rimoti mezani akasogea karibu. Kovu lile kila mtu humu nyumbani analijua, na kila mtu hulinyamazia kwa heshima. Usiku ule mtoto aliuliza, na ami yake akamjibu yote: nyuzi alizoshonwa, vidole viwili visivyokunjika hadi leo, na miezi ambayo hakuweza kujifunga kikoi mwenyewe na akalazimika kumwita mkewe kama mtoto mchanga. Mchezo ulikuwa umesimama kwenye kioo, shujaa ameshika upanga wake, ukingoja.

Baada ya hapo nilitazamia kwamba nitauchukia upanga ule. Lakini kadiri nilivyocheza, ndivyo nilivyoona kwamba wasiwasi wangu ulikuwa unatafuta mahali pengine pa kukaa. Kinachonisumbua katika mchezo huu ni mapipa.

Mitaa ya Caldera imejaa mapipa na masanduku. Ukivipiga, huvunjika, na ndani yake hutoka fedha. Adui akianguka, fedha hutoka vilevile. Kwa fedha hizo mchezaji hununua bunduki bora, hunoa upanga, hujifunza mapigo mapya. Mwanangu alipogundua siri hiyo, aliacha kufuata hadithi kwa muda mrefu, akawa anazunguka uchochoro baada ya uchochoro akivunja kila alichokikuta. Nilimwuliza mapipa hayo ni ya nani. Akanitazama kwa mshangao, akasema, "Si ya mtu, mama. Yamewekwa tu." Na kweli, hakuna mwenye pipa anayetoka nje kulalamika. Hakuna mama aliyeweka unga wake humo.

Sisemi kwamba mtoto anayevunja pipa la runinga atakwenda kuvunja duka la jirani. Vijana wanaotusumbua mitaani hawakufundishwa na mashine. Wengi wao hawajapata hata kuiona. Ninalosema ni kwamba somo la upanga katika mchezo huu linadai subira na jasho, na somo la pipa halidai kitu: piga, okota, nunua. Yule shujaa aliyetendewa dhulma anatembea katika mji wa wanyonge akiwavunjia vyao, na mchezo unamlipa kwa hilo bila ya kumwuliza. Hayo hupita kimyakimya, ilhali sisi wazazi macho yetu yako kwenye upanga.

Babangu ni mzaliwa wa Lamu, na utotoni nilipelekwa huko wakati wa Maulidi nikaona kirumbizi. Ngoma zinalia, zumari inalia, wanaume wamefanya duara, na wawili wanaingia katikati na fimbo zao. Hupigana kwa mfuato wa ngoma, mmoja anapiga na mwenziwe anakinga, na fimbo zinagongana kwa sauti inayomfanya mtoto ashike nguo ya mama. Mkono ule ule, bega lile lile, subira ile ile ambayo binti yangu aliivumbua mbele ya runinga. Lakini pale mbele yako pana mtu. Unamjua jina, unamjua mamake, na ukimwumiza duara zima limekuona. Mwenye sifa ni yule aliyepiga kwa ustadi na mwenziwe akatoka mzima. Wala hapana anayeokota fedha miguuni mwa aliyeshindwa.

Red Steel 2 ni mchezo wa mtu mmoja. Huyu akicheza, wengine hungoja zamu. Mwenziwe wa ndani hana jina, hana mama na halii. Hapo ndipo pengo lilipo, nami nimeona kwamba pengo hilo haliwezi kuzibwa na kampuni yoyote. Linazibwa na walioketi kwenye kochi.

Kwa hivyo tumepatana hivi, mimi na baba yao. Mashine itakaa sebuleni. Haiingii chumba cha kulala. Mchezo utachezwa mkubwa mmoja akiwapo, si kwa kulinda lango, bali kwa kuuliza yale ambayo mchezo hauulizi: huyu ni nani, hiki ni cha nani. Kamba ya rimoti itavaliwa kiganjani kila mara. Hilo si jambo dogo: mwezi wa Desemba 2006 Nintendo yenyewe ilijitolea kubadilisha kamba zipatazo milioni 3.2, baada ya zile nyembamba za mwanzo kukatika na rimoti kuruka mikononi mwa wachezaji. Adhana ikisikika, shujaa hubaki alipo. Na Maulidi yajayo, inshallah, baba yao atampeleka mwanawe Lamu akasimame katika duara na kuona fimbo mbele ya mtu mwenye jina.

Wapo watakaosema ningeirudisha mashine kwa mjomba, na wapo watakaosema nimeufanya mchezo kuwa msiba. Kila nyumba na kipimo chake. Ninawaomba wazazi wenzangu jambo moja tu. Jalada la mchezo huu, kama lilivyouzwa Marekani, lina herufi T, alama ya kwamba unawafaa walio na miaka 13 na zaidi. Herufi hiyo haimwelezi mzazi kwamba mapipa hulipa, wala kwamba upanga unafundisha kungoja. Mambo hayo mawili nimeyapata kwa kusimama katikati ya ukumbi wangu, rimoti mkononi, wanangu wakinicheka. Mkiletewa mchezo nyumbani, uwe ni wa upanga au wa mpira, msiutazame kutoka mlangoni. Ombeni zamu.