Gari Lilipiga Kelele, Mimi Nikaongeza Redio

Kama una mwenza na mna gari moja la kugombania, naomba unisikilize dakika chache. Mimi si fundi. Kazi yangu ni mahesabu, na hadi mwaka jana nilikuwa najua sehemu mbili tu za gari: pa kutilia mafuta na pa kuwashia redio.

Tunakaa Goba, Dar es Salaam. Gari letu ni dogo, la mtumba kutoka Japani, na mwenye kulitumia zaidi ni mke wangu. Asubuhi anampeleka binti yetu chekechea, halafu anateremka kazini Mwenge. Mimi ni mtu wa daladala. Udereva wangu ni wa jioni na wikiendi.

Yeye ndiye aliyeanza kusikia. "Mume wangu, mbele huku kunagonga." Kwenye lami laini kimya, lakini tukipanda tuta taratibu, upande wa kushoto ko-ko-ko, kama mtu anabisha hodi. Nikamjibu kitaalamu: "Barabara zetu mbovu mpenzi, kila gari la huku linagonga." Nikaongeza sauti ya redio. Redio bwana, inaficha mengi.

Dalili nyingine zikafuata. Usukani ukawa unavuta kushoto. Nikalipa alaimenti, wiki mbili ukarudi kuvuta, nikalipa tena. Tairi la mbele likawa linalika upande wa ndani tu, huku nje bado kashata mpya. Mtu mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilimlaumu aliyetuuzia tairi.

Mwishowe mke wangu akatoa hela yake ya kikoba, laki moja na themanini, akanipa mkononi. "Kesho pitisha gereji." Sasa hapo ndipo nilipoharibu. Kulikuwa na harusi ya mfanyakazi mwenzangu, nimeahidi laki mbili, na si unajua kamati za harusi zetu zinavyodai kuliko benki? Katibu alikuwa ananipigia asubuhi, mchana, jioni. Nikatuma ile hela kwa simu, nikaongezea elfu ishirini, nikapumua.

Jioni nikaulizwa, "Fundi amesemaje?"

"Amekaza nati. Anasema sasa limetulia."

Uongo wenyewe ulinitoka kirahisi kama salamu.

Wiki tatu baadaye tukapanga kwenda Morogoro kumuona mama mkwe, karibu kilomita 190, na mtoto nyuma. Jumamosi, siku moja kabla, simu ikaita. "Njoo gereji, sasa hivi." Akataja mahali, akakata.

Nikakuta gari limepigwa jeki, tairi la kushoto liko hewani. Kijana fundi akaingiza mtarimbo chini, akanyanyua kidogo. Gurudumu likacheza kama jino la mtoto. "Shemeji, ona. Boljointi imekwisha." Kisha akauliza kwa nia njema kabisa, "Fundi gani alikaza huku? Mbona hizi nati zina kutu ya miaka, hazijaguswa?"

Mke wangu hakusema neno. Alinitazama tu. Ningependa angepiga kelele.

Boljointi, kwa asiyejua kama nilivyokuwa mimi, ni kiungo kama cha nyonga yako: tufe la chuma ndani ya kikombe, likiogelea kwenye grisi, limefunikwa kijimfuko cha mpira. Ndicho kinachoshikanisha gurudumu na mkono wa chini. Mpira wetu ulikuwa umepasuka, grisi imetoka, mchanga wa Goba na maji ya mvua vimeingia, chuma kinasaga chuma. Ikichomoka, gurudumu linalala, kona ya gari inadondoka chini, na usukani unabaki pambo. Fikiria iwe ni kwenye mteremko, na lori linakuja mbele.

Fundi alikuwa mwalimu mzuri, na mimi nilikuwa mwanafunzi mwenye haya. Akanionyesha kwamba si kila mgongo ni hatari sawa. Stebilaiza linki, kile kifimbo chembamba, nayo hugonga kwenye mashimo madogo madogo, na ni ya bei nafuu. Yetu nayo ilikuwa imechoka. Bushi ni zile raba za kwenye maungio ya mikono. Zikipasuka usukani unavuta na tairi linalika. Ndiyo maana alaimenti zangu mbili zilikuwa kutupa hela: huwezi kunyoosha kitu kinachocheza. Unabadili spea kwanza, unanyoosha baadaye.

Kuhusu shokapu nilikuwa najidanganya kabisa. Nilidhani ndiyo inayobeba gari. Kumbe anayebeba ni springi; shokapu kazi yake ni kuituliza, kwa mafuta yanayosukumwa kupita kwenye vitundu vidogo ndani yake. Ikichoka, gari linainamisha pua unapofunga breki, linayumba kwenye kona, na kwenye barabara mbovu linachelewa kusimama. Bonyeza kona ya gari kwa nguvu, uachie: likiendelea kuruka-ruka, mashaka. Ukiona imelowa mafuta mwilini, au tairi limelika mabakamabaka, usisubiri. Na zinabadilishwa mbili mbili, kushoto na kulia. Zetu za mbele zilikuwa bado, nashukuru, maana mfuko ulikuwa umeshalia.

Tulinunua boljointi mpya, pande zote mbili. Fundi alisema kuna za mtumba Gerezani kwa nusu bei. Mke wangu akamkatiza: "Kaka, hapana." Alilipa kwa hela aliyokuwa ameweka kwa ajili ya kozi yake ya jioni. Kozi ikasogea miezi mitatu.

Morogoro hatukwenda wikiendi ile. Usiku mtoto akiwa amelala, akaja mezani na kitu amekifunga kwenye gazeti, akakiweka mbele yangu. Ile boljointi mbovu. "Hujaniibia laki na themanini," akasema taratibu. "Kila asubuhi nilikuwa nasikia, najiambia fundi ameshaangalia, acha woga. Umenifanya nisiyaamini masikio yangu. Na nilikuwa na mwanao nyuma."

Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Hela nilirudisha kidogo kidogo, mishahara mitatu, na ahadi za harusi siku hizi tunazijadili wawili kabla sijafungua mdomo kwenye kikao.

Ile boljointi iko juu ya kabati la televisheni, pembeni ya picha yetu ya harusi. Wageni wakiuliza, namuachia yeye aeleze. Na tukikaribia tuta, nani anaendesha haijalishi, anapeleka mkono anazima redio.