Daraja na Kufuli

Mwaka 2019 nalikwenda China kumtazama mwanangu, aliyekuwa akisoma Shanghai. Siku moja akaniambia, "Baba, kesho twende Ningbo, mji wa bandari." Nikadhani tutapanda meli, kwa maana kati ya miji hiyo miwili iko ghuba pana ya Hangzhou. Akacheka, akasema, "La, Baba, tutakwenda kwa basi."

Zamani magari yaliizunguka ghuba hiyo. Lakini mwaka 2008 lilifunguliwa daraja la kilomita 36, likaipunguza safari kwa kilomita 120 hivi. Halikunyoshwa kama uzi, bali lapinda kama nyoka. Na vyuma vya kando vimepakwa rangi saba kwa zamu, ili dereva asisinzie. Chini yetu maji yalikuwa na rangi ya udongo, na nchi kavu haikuonekana mbele wala nyuma. Nakiri kwamba naliogopa.

Ningbo na Zhoushan ni bandari moja, na tangu mwaka 2017 imepitisha shehena ya tani zaidi ya milioni 1,000 kila mwaka. Lakini lililonigusa moyo halikuwa meli. Lilikuwa jumba la vitabu liitwalo Tianyi.

Fan Qin, aliyekuwa ofisa wa serikali, alianza kulijenga mwaka 1561. Mbele yake liko bwawa, ili moto ukizuka maji yawe karibu. Wazao wake wakashika sheria kali: kitabu kisitoke nje, na kila tawi la ukoo liwe na ufunguo wake, mlango usifunguliwe ila wote wamekutana. Mtu wa kwanza wa nje kuruhusiwa kusoma humo, mwanachuoni Huang Zongxi, aliingia mwaka 1673. Hata hivyo, mwaka 1914 wezi walipenya juu ya paa, wakachukua vitabu vingi sana. Siku hizi kila mtu huingia mchana, nasi tukaingia.

Nikasimama pale kimya. Mwanangu akaniuliza, "Baba, umechoka?" Sikuchoka, nalikumbuka sanduku langu la shule. Lilikuwa na vitabu arobaini, na ufunguo ulikaa mfukoni mwangu. Msichana mmoja aliniomba kitabu mara tatu, na mara tatu nalimjibu, "Mikono yako michafu." Nalijitetea kwa methali, Akiba haiozi.

Naliporudi nyumbani nikalifungua sanduku. Mchwa walikuwa wamekula vitabu kumi na kimoja. Na yule msichana alikuwa amekwisha kumaliza shule.

Sisemi kufuli ni ubaya; pasipo ulinzi wa wale wazee, pengine Ningbo isingebaki na kitabu hata kimoja. Lakini ndugu walimu, watu wa ghuba ile walijenga daraja ili watu wapite. Sasa sanduku langu li wazi kila Ijumaa, na kando yake nimeweka karai la maji na sabuni.