Mwanya Wangu Umebaki

Kwa miaka mingi nilicheka nikiwa na ncha ya mtandio mdomoni. Meno yangu ya juu yalichomoza, ya pembeni yakapandana, na watoto wa mtaani kwetu Shela, hapa Malindi, walinipa jina ambalo hata leo sitaki kuliandika.

Nilipofika miaka 26, duka langu la vitambaa likiwa limeanza kunipa chochote, nikaamua kufunga nyaya. Nyanya alikuwa na hofu moja tu. "Mwanangu, wasije wakakuziba mwanya." Kwetu mwanya wa mbele ni pambo, na wangu nimeurithi kwake. Nikamweleza daktari siku ile ile ya kwanza, kule Mombasa. Akasema unaweza kuachwa, mradi ajue kabla hajapanga kazi. Nawe unayefikiria kufunga, sema unachotaka mapema. Mdomo ni wako.

Nyaya hazifungwi siku unayofika. Nilisafishwa meno, nikazibwa matundu mawili, nikapigwa picha ya eksirei, nikang'atishwa ujiuji wa kuchukua umbo la meno. Halafu nikang'olewa manne ya nyuma ya chonge ili yaliyobaki yapate nafasi. Kufungwa kwenyewe hakukuuma: vichuma vinagandishwa kwa gundi inayokaushwa na taa ya buluu, kisha waya unapitishwa. Maumivu yalinikuta njiani, matatu ikivuka daraja la Kilifi. Siku ya pili hata wali wa nazi niliuona mgumu. Nikaishi kwa uji, supu ya samaki na nyama laini ya dafu, hadi siku ya tano nilipopata nafuu. Mashavu yalichubuka, maji ya chumvi na nta ya kufunika vichuma ndivyo vilivyonisaidia.

Kilichonitisha zaidi ni meno kulegea. Nililia usiku nikidhani nitayapoteza. Daktari akanieleza kwamba jino likisukumwa, mfupa ulio mbele yake humomonyoka na ule wa nyuma hujengeka upya, polepole. Kwa hiyo kila baada ya wiki 4 hadi 6 nilirudi kukazwa, kilomita 120 hivi kwenda na nyingine kurudi, na kila nikikazwa meno yaliuma siku mbili tatu.

Chakula nacho ni mtihani, hasa kwetu Pwani. Miwa, kashata na mahindi ya kuchoma niliviacha. Mabuyu yalinishinda: siku moja nilitafuna kokwa, kichuma kikabanduka, ikabidi nifunge duka nirudi Mombasa. Mchuzi wa manjano uligeuza viraba vyangu vyeupe vya kushikia waya kuwa rangi ya biriani ya harusi, tangu hapo nikachagua vya buluu iliyokoza. Ramadhani nilifuturu kwa tende niliyoikata vipande vidogo, kwa kuwa hunata kwenye waya. Na kupiga mswaki kila baada ya kula si hiari. Mswaki wa mti naupenda, lakini haufiki chini ya waya. Nilinunua kijibrashi chembamba nikawa natembea nacho mkobani.

Miezi 22 ilipita. Vichuma vilitolewa kwa koleo, gundi ikakwanguliwa, na ulimi wangu haukuacha kuyapapasa meno kutwa nzima. Kumbe kazi haijaisha. Kila usiku navaa kifaa cha plastiki cha kuyashika meno yasirudi yalikotoka. Nilipokwenda harusini Lamu nilikisahau nyumbani wiki nzima. Niliporudi kilinibana hadi machozi yakanitoka.

Jioni ile ya kufunguliwa nilimkuta nyanya barazani. Akanishika kidevu, akanigeuza uso kwenye mwanga.

"Upo," akasema.

Kisha akaniondoa ncha ya mtandio mkononi, maana nilikuwa nimeshaishika bila kujua.