Vipimo Sawa, Mimi Siko Sawa

Samahanini kwa kimya cha wiki tatu. Naamka nimechoka kuliko nilivyolala, na nikipanda ngazi za ofisi nahema kama mzee. Malaria hakuna. Sukari sawa. Hemoglobini sawa. "Kijana, huna ugonjwa," daktari akasema. Nilirudi nyumbani nikiona aibu, kana kwamba nilidanganya.

Lakini sisi waandishi wa programu tunalijua hili: majaribio yote yamepita, na mteja bado anapiga simu. Kipimo hujibu swali kililoulizwa tu. Hemoglobini yaweza kuwa sawa huku akiba ya madini ya chuma mwilini, inayopimwa kwa feritini, imepungua, na upungufu huo unaweza kumchosha mtu. Yangu haikupimwa. Jumatatu narudi, na safari hii nimeandika kila dalili na saa yake, kama logi ya seva.