Jina la Bandia na Mtu Aliyelilinda

Wiki iliyopita nilikuwa safarini kutoka Mwanza kwenda kwetu Musoma, nikalala Bunda kwa dada yangu. Usiku, tukiwa tumeketi nje, mwanawe aliyeajiriwa serikalini hivi karibuni akaniuliza: "Mjomba, watu wanaofichua maovu ya ofisi zao mtandaoni kwa majina ya bandia, nani anawalinda siku polisi wakitaka kuwajua?" Nilimjibu kama mhadhiri. Nikamtajia Ibara ya 18 ya Katiba, kisha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Hakuridhika, nami nilijua sijamjibu. Jibu lake lina jina la mtu, na mtu huyo ananidai.

Ni Maxence Melo. Mwaka 2006, yeye na mwenzake Mike Mushi walianzisha jukwaa la majadiliano ambalo baadaye lilikuja kujulikana kama JamiiForums. Mtumishi mwenye ushahidi wa wizi, ambaye awali aliweza tu kumnong'oneza mwandishi wa habari au kunyamaza, akapata mahali pa kuweka hati yake hadharani bila kujitaja. Wengi hudhani kazi ya mkurugenzi wa teknolojia ni mitambo na mapato. Kwa Melo, kadiri miaka ilivyokwenda, sehemu ngumu kuliko zote ikawa kukataa kutaja majina.

Mimi nilikuwa mmoja wa wenye majina hayo. Nikiwa mhadhiri msaidizi, niliandika kuhusu kisima ambacho vitabu vya halmashauri moja vilionyesha kuwa kimechimbwa, ilhali akina mama wa kijiji kile waliendelea kubeba ndoo kutoka ziwani. Halmashauri hiyo siitaji, na jina nililotumia silisemi hata leo.

Tarehe 13 Desemba 2016 Melo alikamatwa. Polisi walikuwa wametaka taarifa za watumiaji walioandika tuhuma dhidi ya kampuni fulani, naye hakuzitoa. Alishikiliwa karibu wiki nzima kabla ya kupata dhamana, kisha ikaanza safari ya makumi ya siku katika Mahakama ya Kisutu. Habari iliponifikia sikuandika tamko wala sikupiga simu. Nilifungua akaunti yangu, nikasoma upya kila nilichowahi kuandika, nikitafuta ni sentensi gani ingeweza kunitambulisha. Wiki ileile nilifundisha mada ya uhuru wa maoni. Mwanafunzi mmoja alipouliza kuhusu Melo, nikasema suala liko mahakamani.

Asubuhi nilimchukua kijana, tukapitia Butiama. Tuliposimama Mwitongo, karibu na kaburi la Mwalimu, nikamsimulia haya yote, pamoja na kesi ya mwaka 1958 ambayo vijana wengi hawaijui. Serikali ya kikoloni ilimshtaki Nyerere kwa kuwakashifu maofisa wake katika *Sauti ya TANU*, na mahakama ikamtoza faini ya shilingi 3,000 au aende jela. Tarehe 8 Aprili 2020, Melo alitiwa hatiani kwa kuzuia upelelezi: faini ya shilingi 3,000,000 au kifungo cha mwaka mmoja. Siwalinganishi watu hawa wawili. Lakini Mwalimu aliadhibiwa kwa maneno yake mwenyewe, na Melo aliadhibiwa kwa sababu ya maneno tuliyoandika sisi wengine tukiwa tumejificha.

Nakiri kwamba majina ya bandia hubeba uzushi pia. Nimemwona mwenzetu chuoni akivunjiwa heshima na mtu asiyejulikana, na hakuwa na kosa lolote. Hata hivyo, kifungu cha 32 cha sheria ile kinampa mkuu wa kituo cha polisi uwezo wa kudai taarifa za mtumiaji bila kwanza kupita kwa hakimu, na hapo ndipo mashaka yangu yalipo. Aliyeandika kuhusu kisima na aliyemzulia jirani yake wanaombewa majina kwa barua ileile, wala hakuna wa kuuliza yupi ni yupi.

"Wewe uliwahi kumshukuru, Mjomba?"

Nikamwambia sijawahi.

Tukarudi garini. Kutoka Makutano hadi Musoma hatukuzungumza sana. Kijana alikuwa akiandika jambo katika simu yake, nami sikumuuliza anaandika kwa jina gani.