Nilifutwa, Nami Nikafuta

Majira ya baridi ya mwaka 2013 nilikuwa nikifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, kusini mwa London. Zamu zangu zilikatwa kutoka tano kwa wiki hadi mbili. Kodi ya chumba haikukatwa. Siku za kukaa bure nilijikunyata kitandani na koti langu, nikiogopa bili ya gesi, nikaanza kuandika habari za Tongoni, kusini mwa mji wa Tanga. Bibi alinipeleka huko nikiwa mdogo, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Niliandika siku tisa, kisha nikaiweka makala kwenye kamusi elezo moja ya mtandaoni, jina lake nalihifadhi.

Haikumaliza saa nzima. Jibu lilikuwa kigezo, maneno yale yale anayobandikiwa kila mtu: haina vyanzo, imefutwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikupewa hata maji.

Nisiseme uongo, mhariri yule alikuwa na haki. Chanzo changu kilikuwa bibi, naye alishazikwa. Lakini usiku ule nililia chooni kazini, na kwa miezi minane sikuandika hata mstari.

Agosti 2014 Wikimania, mkutano wa wahariri wa Wikipedia, ulifanyika Barbican, hapa hapa London. Rafiki akanikokota. Wakati wa chai mama mmoja nisiyemjua aliniuliza niliandika nini. Hakuuliza kwa nini ilifutwa, aliuliza niliandika nini! Nikamsimulia makaburi yale na nguzo zake zilizokuwa zimepachikwa mabakuli. Akasema, "Basi nenda British Library, kadi yao ni bure."

Nilikwenda na penseli, maana kalamu ya wino hairuhusiwi kwenye vyumba vya kusomea, nikaagiza kitabu cha Peter Garlake cha mwaka 1966 kuhusu usanifu wa kale wa Kiislamu wa pwani yetu. Safari hii nikaandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili. Mkabidhi, yaani msimamizi, aliyeipitia alianza na "Karibu sana, dada," akanyoosha tahajia mwenyewe, akauliza jambo moja tu: ni ukurasa wa ngapi?

Ningeishia hapo, ushuhuda ungependeza zaidi.

Miaka mitano baadaye mimi ndiye niliyekuwa nikipitia makala za wageni. Alfajiri moja nimetoka zamu, nasubiri basi, nikakutana na makala ya kijana kuhusu timu ya mpira ya mtaani kwao. Haikuwa na chanzo. Nikaibandikia kigezo cha kufutwa, basi likaja, nikapanda. Siku ya tatu nikakuta ameniandikia: "Nimekosea wapi, dada?" Nilimjibu kwa kirefu, nikamwomba radhi, nikamwonyesha magazeti ya kutafutia habari za timu yake. Hakurudi.

Siku hizi sigusi kazi ya mgeni nikiwa nimechoka. Naisoma hadi mwisho, namtajia sentensi yake moja iliyonifunza kitu, ndipo namwomba chanzo. Makosa madogo nasahihisha mwenyewe. Wengine huondoka hata hivyo.

Jina la kijana yule lingali kwenye ukurasa wangu wa majadiliano. Ni jekundu, rangi ya mtu ambaye hajafungua ukurasa wake.